Wawili wa Barazani

Usingizi wa mchana haupigi hodi, wenyewe mnajua, unaingia tu kama shemeji aliyezoea nyumba, na ndivyo unavyomkuta Mwanamvua Shemhilu ofisini kwake Morogoro, Jumamosi saa nane, chuo kizima kimya, kichwa chake kimeinamia daftari la zamani la mistari. Ni mwalimu wa fizikia ya viini huyu, mwanamke wa miaka hamsini na minne, na msinione namwonea nikisema ana upweke, kwa sababu anao, anao wa kugawa. Mumewe Kasimu Mhando, mwalimu mwenzake, alifariki miezi saba iliyopita. Miaka kumi na tisa walifanya hesabu kwenye meza moja, huyu upande huu na yule upande ule. Watoto hawakujaliwa, na walipoulizwa walisema wetu ni hawa, wakionyesha madaftari. Majirani walikuja mpaka arobaini, wakala pilau, wakamwambia tupo pamoja mama, kisha kila mtu akashika njia yake, na tangu hapo anapika wali wa kikombe kimoja na bado unabaki.

Sasa hilo daftari ndilo lenye balaa. Mhando alikuwa na namna yake ya kuwaeleza wanafunzi kazi hii, akisimama mbele yao na chaki nyuma ya sikio. Kiini cha atomu, aliwaambia, chukueni hiki tunachokihesabu sisi, ni nyumba ya watu kumi na wanane. Kumi na sita wamelala ndani, wawili wako barazani wanapiga soga. Kumhesabu kila mtu anavyomvuta kila mwenziwe haiwezekani, mtazeeka na hesabu haijafika chumba cha pili. Kwa hiyo tunawahesabu wawili wa barazani peke yao, hao wengine tunasema wametulia. Lakini! na hapo chaki ilitoka sikioni, wawili wale hawazungumzi kama watu walio peke yao duniani. Wa ndani akijigeuza, kitanda kikalia, barazani maneno yanabadilika. Kazi yetu ni kuipata ile sauti ya barazani ambayo nyumba nzima imo ndani yake. Na sauti hiyo huipati kwa mkupuo, unaikusanya mstari kwa mstari, kila mstari ukisahihisha kidogo ule uliotangulia, wa kwanza mkubwa, wa pili mdogo, wa tatu mdogo zaidi, mpaka hesabu inatulia. Basi hesabu yao ilikwenda vizuri mpaka mstari wa nne. Wa tano ukaruka, ukawa mkubwa kuliko yote, kana kwamba mmoja wa wale wa ndani ameamka, akatoka, akajikalia barazani bila kuitwa. Humo daftarini mstari huo umekatwa kwa penseli, na pembeni pameandikwa kosa la mashine, na tarehe, 17. Makala yao ikatoka bila huo mstari, ikawapa jina. Leo, miaka kumi na miwili baadaye, maabara moja ya ng'ambo imepima, imemkuta huyo mgeni palepale mstari wa tano ulipomweka, na mhariri wa jarida ameandika kwa adabu zote: nani aliamua hesabu iishie mstari wa nne, na kwa sababu gani? Jibu linatakiwa Jumatatu. Na Jumatatu hiyohiyo ukumbi mpya wa mihadhara unapewa jina la Kasimu Mhando. Mwandiko ule Mwanamvua anaujua, saba imefungwa mkanda kiunoni, ni wa mumewe. Kama alikata akiamini mashine imekosea, ni bahati mbaya, hutokea. Kama alikata akijua, basi mwanamume aliyemzika si yule aliyeishi naye. Hilo tu ndilo analotaka kulijua, na wa kumuuliza yuko udongoni.

Anauinamia mstari, anauliza kwa mara ya mia, Mhando, ulijua?, na tarakimu zinaanza kusogea. Zinainuka, zinajipanga kando kando kama nguzo za simu, katikati yake pana barabara nyeupe, na Mwanamvua yuko juu ya barabara hiyo anatembea, viatu mkononi. Haulizi amefikaje. Kushoto kuna mji, kulia kuna mji uleule umegeuzwa, mwanamke anayefagia uwanja huku kwa mkono wa kulia anaufagia na kule kwa mkono wa kushoto, na barabara inapita katikati, inazunguka, inarudi, inaikuta miji ileile imebadilishana pande. Watu ni wengi na hakuna mwenye uso, nyuso zao laini kama yai lililomenywa. Na jambo moja analiona mapema kwa sababu macho yake ni ya kazi hiyo: hakuna anayetembea peke yake. Kila mtu anakwenda na kikundi chake, wale wa mbele wanampisha kidogo, wale wa nyuma wanaziba alipopita, akisimama wanasimama, akiyumba wanayumba, hata huwezi kusema mtu anaishia wapi na watu wake wanaanzia wapi. Yeye tu ndiye hana wa kumpisha wala wa kumzibia. Anapopita panabaki wazi, na upepo unapita hapo, na anaona baridi.

Mmoja wao anamjia, mrefu, kanzu imemfika kwenye magoti. Mama, umekuja mtupu, anamwambia. Mtupu vipi, nami nimevaa? Hapa mtu asiye na watu tunamwita mtupu, njia yetu haimbebi. Mwanamvua anamwambia kuwa anamtafuta mumewe, Mhando, mwalimu, mtu wa maneno mengi, ana swali moja tu la kumuuliza, halafu atarudi zake. Yule anatikisa kichwa kisicho na uso. Kitendawili, anasema. Na Mwanamvua, ambaye hajategewa kitendawili tangu alipokuwa na meno ya utotoni, anajikuta anajibu, Tega. Nimemwacha nyuma, kila nikikata kona anakata naye. Kivuli, anasema upesi, anafurahi kwamba kumbe ni rahisi. Tazama chini, mama. Anatazama. Jua liko utosini, hakuna mwenye kivuli. Umeshindwa, nipe mji. Ebo! Yaani na huku sheria ni ileile ya jikoni kwa bibi, ukishindwa unatoa mji? Ileile, anasema yule, tena huku mji ukitoka umetoka.

Hapa Mwanamvua anafanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Angekuwa muuza vitumbua angelia, angeomba, angesema sina mji, mimi maskini ya Mungu. Yeye anapiga hesabu. Kilicho mbali kina nguvu ndogo, anajiambia, kikate, ndivyo tunavyofanya siku zote. Anatazama miji yake yote na kuchagua ulio mbali. Nakupa Trieste, anasema, ule mji wa Italia walikosomea yeye na Mhando wakiwa vijana, walikojuana. Yule anaupokea kwa mikono miwili. Haya, nimekwenda Trieste, anasema kama ilivyo ada, nimekula samaki wa kukaanga, nimelala kile chumba mlichopanga juu ya duka la viatu, mwenye nyumba ameniuliza habari zako, nimemwambia hajambo, ila amekutoa. Na jibu lako ni hili: uliyemwacha. Umwache ofisini, umwache kaburini, umwache nje ya hesabu, kona ukikata anakata. Kwa heri.

Anakwenda, na mwili umekuwa mwepesi, anakubali mwenyewe kwamba si vibaya, mzigo umepungua. Anajaribu kukikumbuka kile chumba, rangi ya mapazia, nani alikuwa akipika, na anakuta pamekauka, hakuna kitu. Ila njia sasa imeanza kupinda. Anataka kwenda mbele na miguu inamvuta upande, upande uleule ulipokuwa mji alioutoa, kidogo tu, kama gari lenye tairi moja bovu. Anajirekebisha, inamvuta tena. Hajali, anakaza mwendo, anakatiza mji wenye maduka yaliyofungwa, kisha kioo cha mji huo, maduka yamefungwa na huko, na mlangoni mwa duka la mwisho amekaa mwanamke mnene asiye na uso, anachambua mchele. Shikamoo, anasema Mwanamvua kwa mazoea, maana umri wa mtu asiye na uso utaujuaje? Marahaba mwanangu. Kitendawili. Tega, mama. Wanaozungumza ni wawili, anayejibu ni wa tatu, na hajakaa nao. Mwanamvua anafikiri kwa bidii, anahesabu kwa vidole. Mwangwi, anasema. La. Simu? La, mwanangu, nipe mji.

Anabakiwa na mingapi? Anapapasa na kuona imebaki miwili: Muheza alikozaliwa na alikomzika mama yake, na Morogoro alipo Mhando. Nakupa Muheza, anasema. Dada atanisamehe. Mwanamke anauchukua mji na kuufungia kwenye pindo la kanga. Nimekwenda Muheza, anasema, nimekula machungwa mpaka nimeshiba, kaburi la mama yako limefagiliwa, dada yako Mwanjaa ameniuliza, mbona nampigia kila Ijumaa hapokei? Nimemwambia yuko kazini. Akasema, na msiba ni kazi? Jibu la kitendawili ninalo: ni wale wa ndani. Lahaula! Mwanamvua anajipiga kofi la paji la uso. Kitu anachokifundisha kila mwaka, mtihani anautunga mwenyewe, na amekosa! Kisha anakaa chini katikati ya barabara na kulia, analia kwa sauti, kwa ajili ya dada yake na ile simu iliyokuwa ikilia Ijumaa juu ya meza huku yeye akiitazama na kusema nitampigia baadaye. Alidhani akibaki na marehemu wake peke yao watatulia. Wamebaki wawili, na hajatulia hata siku moja. Yule mwanamke anaendelea kuchambua mchele.

Anapoinuka, uzito wote umemwisha, nyayo hazikandamizi vumbi. Na sasa anavutwa pande mbili, Trieste huku na Muheza kule, miji ambayo haipo, anapepesuka kama mlevi asiye na pombe, na kwa kupepesuka huko, si kwa akili yake, anafikishwa kwenye nyumba. Ni nyumba ndefu ya matope iliyopakwa chokaa, vyumba vimefuatana, milango wazi, ndani wamelala watu, na hahitaji kuwahesabu, anajua ni kumi na sita. Barazani pana viti viwili. Kimoja kitupu. Cha pili, akikitazama moja kwa moja haoni mtu, ila anaona kwamba nyumba yote imekielekea, mkeka umejivuta upande huo, waliolala wamegeuzia vichwa huko, hata pazia limeelemea huko bila upepo, na kwa kuvitazama hivyo vyote kwa pamoja anamwona Mhando amekaa, miguu ameikunja, kama alivyokuwa akikaa. Uso hana. Mwanamvua anakaa kwenye kile kiti kitupu.

Umechelewa, Mvua, anasema Mhando. Sauti ni yake, nyuma yake zinasikika pumzi za waliolala. Nimekuja na swali moja, anasema Mwanamvua, na usinichekeshe, naomba nikuulize nikiwa nimekasirika hivihivi. Uliza. Mstari wa tano. Ulipoukata, ulijua? Mhando anauliza, niliukata mimi? Mwandiko wako, Mhando, penseli yako, daftari letu. Aa, mke wangu, anasema polepole. Ilikuwa Ramadhani ya lile joto, kompyuta inajizima kila baada ya saa moja. Nimetoka kuswali alasiri nikakukuta umeshika penseli. Ukaniambia mashine imetuchezea, huyu nimeshamfuta. Nikatazama. Nikaona mashine haikukosea. Mwanamvua anahisi kiti kinamkimbia. Uliona, ukanyamaza? Ulikuwa umecheka, anasema Mhando. Tangu tumzike mama yako kule Muheza hukuwa umecheka, mwaka mzima, Mvua, nilikuwa naishi na mtu anayenipa chumvi bila kunitazama. Ukacheka ukasema nimemfuta. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho ukaanza kuandika makala huku unaimba. Ningesema nini?

Muongo, anasema Mwanamvua, nawe ulikuwa muongo tangu ulipokuwa hai. Ile saba yenye mkanda ni ya nani? Si yako? Mhando anacheka, na katika chumba kimoja ndani mtu anacheka naye usingizini. Mkanda wa saba ulinifundisha wewe, anasema, Trieste, mezani kwetu, ulisema saba zangu zinafanana na moja. Kumbuka. Na hapa ndipo Mwanamvua anaposhikwa, kwa sababu Trieste hana, ameitoa. Anatafuta meza hiyo, hakuna meza. Anatafuta ule mwaka wa kumzika mama yake, kama kweli hakucheka, na Muheza nayo imo kwenye pindo la kanga ya mtu. Amekata kila kitu ili afike kwenye jibu, amefika, na vya kulipimia jibu ndivyo alivyovikata. Mhando, anasema, niambie kweli, sasa sina hata pa kukubishia. Nimeshakwambia, anasema Mhando. Au pengine mimi ni vile unavyoegemea tu, wewe na hao wa ndani. Kitendawili.

Mwanamvua anajua akisema tega hakuna kurudi. Tega, anasema. Mikono miwili ina mwandiko mmoja, mwenye kosa nani? Anao mji mmoja tu, Morogoro, na humo ndimo mna meza yao, na kaburi, na kitanda alicholala upande mmoja miezi saba. Akiutoa atapewa jibu, ndiyo sheria, atajua kwa hakika kabisa nani alishika penseli, na mwenye kuambiwa hatakuwa tena na mume wala na mahali alipokuwa na mume. Jibu lenyewe atalipeleka wapi? Anaona woga, na chini ya woga anaona mapenzi, yale ya zamani ya kawaida, ya kugombania kikokotoo. Mji sitoi, anasema. Jibu langu ni mimi. Mwenye kosa ni mimi. Mhando anainama mbele, na kwa mara ya kwanza pale usoni pake panataka kuwa na kitu. Ndani mmoja wa wale kumi na sita anajigeuza, kitanda kinalia.

Kiti ndicho kinacholia. Saa tisa na robo, shavu lake limeganda kwenye karatasi, mate yamelowesha kona ya ukurasa, na nje kuna mtu anamwagilia maua. Mwanamvua anakaa wima. Anaitazama tarehe, 17, ile saba na mkanda wake, anachukua kalamu na kuandika saba nyingine kwenye kiganja. Ni ileile. Anaandika kosa la mashine pembeni ya gazeti, analinganisha, na miaka kumi na tisa ya meza moja imefanya kazi yake, hakuna mtu duniani atakayeitenganisha miandiko yao. Na sasa anakumbuka. Anakumbuka joto, kiu, kompyuta imezimika, anakumbuka penseli ikiwa katika vidole vyake yeye, na kicheko kinamtoka. Anakumbuka vizuri mno. Je, anakumbuka kwa sababu ilitokea, au kwa sababu ameambiwa sasa hivi na mtu asiye na uso? Anajaribu kukipitia kile chumba cha Trieste apate ushahidi, juu ya duka la viatu, na chumba hakiji, hata ngazi zake haziji. Anaogopa. Mhando, anaita kwa sauti pale ofisini.

Basi anaivuta kompyuta, anaifungua barua ya mhariri, anaanza kujibu. Anaandika polepole, kidole kimoja kimoja, kila neno analifuta na kuliandika upya. Mstari wa tano ulikuwa sahihi. Mstari wa tano niliufuta mimi. Nilidhani ni kosa la mashine, na sikurudia hesabu kama ilivyonipasa. Makala ifutwe au isahihishwe, mtakavyoona inafaa, na lawama ibaki kwangu. Anasimama hapo, anasoma tena, anatazama kiti cha upande wa pili wa meza. Anajua mhariri atauliza, kila mtu Jumatatu atauliza huku anapiga makofi. Anaongeza sentensi moja: mume wangu hakujua kwamba mstari huo umefutwa. Kama aliyekata ni Mhando, alijua kwamba amekata. Kama aliyekata ni yeye, Mhando aliona. Huku ni uongo na kule ni uongo, na ndiyo sentensi pekee anayoiandika leo bila kufuta neno.